Projekta Mchana Kweupe

Mjomba Nurudini alinikabidhi projekta kwa sababu mbili. Kwanza, nilimaliza kidato cha nne, kwa hiyo alidhani nitaelewa kijitabu chake cha maelekezo, ambacho kiliandikwa Kichina mbele na Kichina nyuma. Pili, hapo dukani kwake Kasulu nilikuwa nafukuza wateja kwa utani. "Huo mdomo wako ukae mbali na sukari yangu," alisema. "Chukua hicho kisanduku, uzunguke nacho."

Kisanduku chenyewe ni kama tofali lililokatwa nusu. Kina jicho moja, betri ya ndani inayovumilia saa moja na nusu, na kafeni kanakolia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Nimekipeleka kwenye harusi mjini na kwenye semina ya kahawa Buhigwe. Kagerankanda nilionyesha mpira, na wazee wakaniomba nirudishe lile goli nyuma waone kama safari hii kipa atadaka. Nikarudisha. Hakudaka. Wakamtukana upya.

Jumatatu moja wakaingia dukani wanawake wawili. Aliyetangulia alikuwa Apoline, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu anayeuza vitenge. Yeye ni mtani wangu. Wa pili alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani, na hakukaa mpaka alipokaribishwa mara mbili.

"Saady, leo hapana michezo," Apoline akasema. "Huyu ni mama Maximilla wa Busunzu. Iko na matanga. Weka hii, tuone kama itaonekana muzuri."

Akanipa memori kadi iliyofungwa kwenye karatasi ya majani ya chai. Nikavuta pazia la stoo, nikakiweka kisanduku juu ya gunia, nikachomeka kadi, nikazungusha lenzi polepole mpaka ukutani akatokea mtu.

Alikuwa mwanamume mwembamba, shingo yake imezungushiwa bandeji. Alikuwa anatembea pembeni mwa bonde, na Maximilla yuko nyuma yake na mzigo wa vijiti vya minyaa, hii tunayopanda kwenye mipaka. Mzee mmoja mwenye jembe alitangulia akichimba vishimo. Mgonjwa alipokea kijiti kwa mkewe, akachomeka, akashindilia kwa kisigino, akapiga hatua, akachomeka kingine. Walizunguka hivyo bonde zima. Mwishoni alimshika mkewe mkono, akauweka juu ya kijiti cha mwisho, akaitazama kamera, akatikisa kichwa kukubali. Dakika nne nzima, bila neno.

"Sauti iko wapi?" nikauliza. "Spika yangu ni nzima, msije mkaisingizia."

"Usiitafute sauti," Maximilla akasema. "Ugonjwa ulikuwa umekula koo lake. Miezi mitano Evaristi hakutamka kitu."

Nikazima spika bila utani. Kwangu mimi hilo ni tukio.

Mambo yalikuwa hivi. Evaristi alikuwa amemwachia mkewe bonde lile, na ndilo lililokuwa linamlisha yeye na binti zake watatu. Alipozikwa tu, kaka yake, Makarius, akasema bonde ni la ukoo, na kwamba marehemu hakumpa mtu. Yule mzee mwenye jembe, Niyibizi, jirani yao, aliulizwa akasema kichwa kimezeeka, hakumbuki kuchimba shimo lolote. Apoline ndiye aliyepiga ile video kwa simu yake.

"Njoo basi matangani useme mwenyewe," nikamwambia Apoline.

"Hawanipatie barua ya kutoka kambini siku ile. Nimeomba, nimeomba. Na hata nikifika, watasema huyu mukimbizi anajua nini ya bonde letu?"

"Na baraza la ardhi la kijiji je?"

Maximilla akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto anayeuliza mvua inanyeshea wapi. "Baraza litauliza ukoo ulisemaje, mwanangu. Kwa hiyo tunaanzia kwa ukoo."

Mkuu wa ukoo, mzee Nsengimana, alikuwa amekubali picha iletwe siku ya kuanua matanga, Jumamosi, ila kwa sharti moja: wote waione kwa pamoja. Simu ikizungushwa kwa watu arobaini, alisema, itarudi na hadithi arobaini. Ilipangwa saa kumi na mbili jioni, jua likishajificha nyuma ya kilima.

"Hapo mmenikuta mwenyewe," nikamwambia. "Mzee Niyibizi atajiona mkubwa kuliko nyumba yake, na jembe lake mkononi. Aseme tena kichwa kimezeeka!"

Maximilla alicheka kidogo. Apoline alimpiga bega, "Unaona? Huyu mutoto iko na kichwa mbaya lakini kazi anajua."

Alhamisi nikaenda Busunzu kukagua. Kazi hii haitaki pupa. Nilipima hatua kutoka mashine hadi pale pa kutundika shuka, nikaangalia upepo unatokea wapi, nikachagua miti miwili ya kufungia kamba. Umeme haukuwepo, lakini betri ingetosha kuonyesha mara kumi. Nikamwambia Maximilla atafute shuka jeupe lisilo na maua, Evaristi asije akaota waridi puani. Nikaondoka nikiwa najipongeza.

Njia panda kuna mgahawa. Nilipokuwa nasubiri usafiri, alikaa mezani pangu baba mmoja wa makamo, kavaa kofia safi, mwenye kicheko cha kuambukiza. Akauliza nimebeba nini. Nikamwambia nimebeba sinema. Akacheka. Nami mtu akinicheka vizuri, huwa namwaga vyote.

"Hiyo nayo inaonyesha mpaka wapi?"

"Mpaka ukutani, baba. Ikipita hapo nitashtakiwa na jirani."

"Ee, kijana! Na haina kinachoishinda?"

"Inashindwa na jua tu. Hii ni kama popo. Ukiitoa mchana, utaona shuka tupu na mimi nimesimama kando nikijipangusa jasho. Hata ingekuwa na picha ya malaika, ungesema ni doa la sabuni."

Alicheka mpaka akashika kofia. "Kwa hiyo mchana hapana?"

"Mchana bora uchore kwa mkaa."

Alinilipia chai na chapati mbili. Sikumuuliza jina. Mtu akishanichekea hivyo naona tumeshajuana.

Jumamosi asubuhi simu ikaita. Ni Maximilla.

"Wamesogeza muda. Ni saa saba."

"Saa saba ya mchana? Kasogeza nani?"

"Makarius. Anasema ndugu waliotoka Kagerankanda wana gari linaloondoka saa kumi, hawawezi kungoja jioni."

Niliondoka Kasulu kwa pikipiki, nikamhimiza dereva mpaka akaniuliza kama nimeiba. Nilipofika, ua ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na jua lilikuwa utosini pa kila mmoja. Kando ya mzee Nsengimana alikaa baba mmoja kavaa kofia safi. Aliponiona akanyanyua mkono.

"Karibu, fundi," akasema. "Mimi ndiye Makarius."

Ndiye yule aliyenilipia chai.

Nilitundika shuka. Nikapandisha mwanga wa mashine mpaka mwisho. Nikaisogeza karibu hadi picha ikawa ndogo kama mlango, maana picha ikiwa ndogo mwanga wake hukolea. Nikaomba turubai, vijana wawili wakalishika juu ya shuka kama paa. Nikaomba mablanketi ya ubavuni. Binti mkubwa wa Maximilla alitoa hata kitenge chake. Nikabonyeza.

"Mnaona?" nikauliza.

Mama mmoja akasema kwa huruma, "Tunaona shuka, mwanangu."

"Angalieni hapa, huyu anatembea. Huyu ni Evaristi. Hapa, kwenye kidole changu."

"Hicho ni kivuli cha kidole chako," mtu akasema, na benchi zima likacheka. Siku nyingine ningecheka nao.

Maximilla alisimama. "Ndani mna giza," akasema. "Dirisha ni moja. Ingieni kumi kumi, mtamwona vizuri. Naomba tu muingie."

Nilikimbilia ndani kabla hawajajibu. Sebuleni niliziba dirisha kwa blanketi, nikaweka kisanduku juu ya kigoda, nikakiinulia mguu wa mbele kwa gunzi ili picha isipinde. Na Evaristi akatokea kwenye ukuta wa udongo, mrefu, amenyooka, bandeji yake nyeupe kabisa. Hata majani ya minyaa yangehesabika. Sijawahi kuona picha safi kama ile, si kwenye harusi, si popote.

"Tayari!" nikaita. "Njooni!"

Hakuja mtu. Nikatoka mlangoni.

Mzee Nsengimana alikuwa anazungumza taratibu, macho yakiwa chini. Kwa ukoo wao, alisema, bonde la marehemu huzungumzwa uani. Mwanaume wa ukoo hakai ndani ya nyumba ya mfu kabla halijazungumzwa. Ukiingia ukakaa kwenye kigoda cha mjane, umeshamtambua kuwa ndiye mwenye mji, na maneno yamekwisha.

"Msikae!" nikasema. "Simameni tu. Au chungulieni. Kichwa ndani, miguu nje! Mzee, hata jicho moja linatosha, hata mashine yenyewe ina moja!"

Wengine walitabasamu. Na mzee Nsengimana, nawaambia kweli, aliinuka. Alishika fimbo yake akaja mpaka mlangoni. Nilikuwa namsikia anavyopumua. Alianza kuinama ili kichwa kipite. Nyuma yangu ukutani Evaristi alikuwa ndiyo kwanza anapokea kijiti cha kwanza.

"Mzee," Makarius akaita, kwa upole kabisa. "Ukiinamia mlango huo, sisi wengine twende nyumbani. Utakuwa umeshaamua peke yako."

Nsengimana alibaki ameinama, sijui kwa muda gani. Kisha akajinyoosha, akanitazama mimi, si Maximilla, akarudi kukaa.

"Tungoje basi jua lishuke," nikasema. "Ni kungoja saa nne, tano tu."

"Gari linaondoka saa kumi, fundi," Makarius akasema. "Na mashine tumeiona. Tumesema iletwe, imeletwa. Hatujamnyima mtu."

Wakamuuliza Niyibizi kwa mara ya mwisho. Alisema kichwa kimezeeka. Alisema huku ametazama shuka, lile shuka tupu linalopigwa na upepo, na nadhani alikuwa anahakikisha kwamba kweli halina kitu. Halafu ikasemwa: bonde ni la ukoo, litatunzwa na Makarius. Mjane abaki na nyumba, na kiwanja cha migomba nyuma yake. Wakapiga makofi matatu kuthibitisha. Mambo yote hayakuchukua muda mrefu kuliko ile video.

Nilirudi ndani kuzima. Nilimkuta Maximilla amekaa sakafuni na binti zake, wanatazama ukuta. Mdogo alikuwa amesogea karibu mno, na mguu wa baba yake ulikuwa unapita juu ya nywele zake.

"Mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia. Alhamisi, pale mgahawani. Alinicheka, nikamwambia mashine haiwezi jua. Sikujua kama ndiye yeye."

Hakugeuka. "Ego, ndiyo," akasema. "Nilisikia kwamba mlikunywa chai."

"Nisamehe."

"Ungenyamaza, angetafuta kingine. Leo ni jua. Ungekuja jioni ingekuwa gari, au mvua, au mashine ni ya Mwislamu, au picha ni ya Mkongomani." Akajipangusa kwa ncha ya kanga. "Rudisha mwanzo."

Nikarudisha. Tulimtazama akizunguka bonde lake. Nikarudisha tena bila kuambiwa. Mara ya tatu, alipofika nusu, Maximilla akanyanyua mkono.

"Zima, mwanangu. Alikuwa anachoka sana siku ile."

Nikazima. Kafeni kakaendelea kulia kidogo, kisha kakanyamaza, na sebule ikawa giza la kawaida. Nikatoa kadi nikampa. Aliifunga kwenye pindo la kanga, akawaambia binti zake waoshe sahani, akaenda jikoni kupakua, maana wageni walikuwa hawajala na gari lilikuwa linawangoja. Alimnawisha kila mmoja mikono, kuanzia kwa mzee Nsengimana. Niyibizi alinawa haraka haraka. Makarius alishukuru, akaomba aongezewe maharage.

Nami nikapewa sahani. Nikala.