Karatasi za Njugu

Jua la saa nne huingia kwenye kibanda changu kupitia matundu ya misumari, na vumbi la mahindi huupanda mwanga ule kama watu wanaopanda ngazi. Hivyo ndivyo ulivyosema wewe, Nabalayo. Mimi niliona vumbi tu. Vumbi la kunikaba koo, vumbi la kunikalia kope, vumbi la kunifanya niteme mate toka asubuhi mpaka mashine izimwe.

Miaka ishirini na mitatu nasaga mahindi hapa Langas. Mahindi ya Soy, mahindi ya Moi's Bridge, mahindi makavu, na mahindi mabichi ambayo watu huyaleta wakiapa kwamba yameanikwa wiki nzima. Nasaga, natema. Nasaga, natema. Shule niliiacha darasa la sita na sijawahi kuililia.

Wewe ndiye uliyekuwa na macho mengine. Uliketi juu ya gunia, daftari gotini, kalamu ya bluu mdomoni, ukiutazama mwanga ule kama mtu anayesubiri mgeni. Ukaniambia kwamba chini ya mashine yangu kuna mji. Wakaaji wake wameumbwa kwa pumba, wepesi, wa rangi ya asali, na mfalme wao hula majina ya watu. Msichana mmoja, Sela, alitumwa na mama yake kusagisha mahindi ya mikebe miwili ya gorogoro. Akachungulia mdomo wa mashine. Akaingia.

Nikakuuliza, "Na mahindi yake je?"

Ukacheka mpaka ukakohoa. "Mukhwana, wewe utakufa ukiuliza mahindi."

Sikufa mimi. Mwezi huu umetimiza mwaka ndani ya ardhi, mke wangu, na mimi bado nasaga, bado natema.

Acha niseme kwanza langu, kabla sijasema ya wengine.

Mwaka ule wa mvua nyingi paa lilivuja, ukaenda kwenu kumwuguza mama yako, nami nikasafisha stoo. Nikakuta daftari kumi na moja, zimejaa mwandiko mpaka pambizoni. Nikaona karatasi kuukuu. Unamjua Mama Brigid, anayekaanga njugu pale kona. Yeye hukusanya daftari zilizokwisha za watoto wa shule, huchana kurasa, husokota kila ukurasa uwe kama pembe ya ng'ombe, humimina njugu ndani. Nikampelekea furushi zima. Akanishukuru kwa njugu za moto, nikazitafuna njiani. Nilitafuna mji wako nikirudi nyumbani, Nabalayo, na nikajiambia njugu za leo zina chumvi sawasawa.

Uliporudi hukupiga kelele. Ulisimama katikati ya stoo safi, mikono wazi, ukauliza neno moja. "Zote?"

Natema mate. Hayo ni ya kwanza, na ni juu yangu mwenyewe.

Siku ya nne baada ya kurudi kwako akaja mtoto na mahindi yake kichwani na karatasi yenye mafuta mkononi. Hakutaka unga. Alitaka kujua Sela alitokaje kwenye meno ya mfalme. Mama Brigid alimwelekeza kwangu. Kesho yake wakaja watatu. Ijumaa walijaa mlangoni, kila mmoja na pembe yake, wakigombana kwamba yangu inatangulia, yako ni ya katikati, hiyo yako umeiramba herufi. Watoto waliokuwa hawali njugu wakaanza kuzililia. Mama Brigid akanijia na sufuria kwapani. "Mukhwana, leta zingine. Hizi za hesabu hawataki."

Ndivyo ulivyoanza kazi yako. Wengine huanzia chuo kikuu. Wewe ulianzia kwenye chumvi na mafuta, kwenye vidole vya watoto. Ukaandika upya zote kumi na moja, watoto wakiketi juu ya magunia yangu, wakikukumbusha ulichosahau, wakikukatalia ulichobadilisha. Mwaka uliofuata ikawa kitabu, *Mji wa Pumba*, kimechapishwa Nairobi, jina lako juu kwa rangi ya asali. Nilikifunga kwa nailoni nisikichafue. Ukaifungua nailoni ile mbele ya wateja, ukanipiga nacho kichwani. Kitabu ni cha kuchafuliwa, ukasema.

Hapo ndipo wakubwa waliponusa harufu yako.

Mwalimu mkuu Lusweti, mwenye shule ya kibinafsi kule Elgon View, ambako watoto huletwa kwa magari, alikuita ukasomee watoto wake. Akakuvika shada la maua. Akapiga picha nawe, mkono begani mwako, akaitundika ofisini. Kisha mzazi mmoja akasema kitabu hicho kina majini. Mzazi mmoja tu, Nabalayo. Lusweti akavikusanya vitabu vyote madarasani, akavitia kwenye gunia, akamtuma askari wa getini avitupe mlangoni kwangu, kama mtu anayerudisha mahindi yenye ukungu. Hakuandika hata barua. Askari ndiye aliyeona haya. Alikivuta kimoja toka kwenye gunia, akakificha ndani ya koti, akasema msichana wake amekiomba.

Kanisani wanawake wakahama benchi letu. Walisema hukujaliwa mtoto, sasa unawatega wa watu kwa karatasi. Walisema hivyo wakiwa wameshika vitabu vya nyimbo, midomo bado imelowa sala. Ulirudi nyumbani ukaandika kitabu cha pili, ambamo mfalme anakula majina ya wanawake kwanza.

Natema mate. Juu ya shada lile. Juu ya benchi lile.

Halafu kitabu cha pili kikapata tuzo, jina lako likasomwa redioni, na Lusweti huyo huyo akaja kwetu na keki. Keki, Nabalayo. Ina maandishi ya pinki. Akaketi kwenye kiti chetu kizuri, akasema yeye aliona kipaji chako tangu zamani, akasema yale ya nyuma yalikuwa kutoelewana kidogo. Nilitaka kuichukua ile keki niipitishe kwenye mashine. Ukanikanyaga mguu chini ya meza, ukamwongeza chai. Alipoondoka ukaniambia kwamba umemtazama vizuri meno, na utayatumia.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukilipa kisasi. Mimi sina kalamu. Mimi nina mate.

Kisha ukaanza kukonda. Nikafikiri ni vumbi langu linalokuua taratibu, nikafunga mashine siku tisa. Daktari akasema si vumbi, ni damu. Ukanifukuza nirudi kazini, kwa sababu kimya cha mashine kilikunyima maneno. Nikarudi. Nikasaga, na wewe upande wa pili wa ukuta wa mabati ukaandika cha tatu, mto mgongoni, mwandiko ukilala ubavu kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Humo mfalme ana meno ya Lusweti. Humo Sela anafika mlangoni, mlango uko wazi, mama yake anaita kutoka juu, na Sela harudi. Anabaki na watu wa pumba, kwa sababu wamempa jina ambalo mfalme hawezi kulila.

Ukanishika mkono uliojaa unga. "Mwisho huu usiuguse. Hata wakikulilia."

Nikasema siugusi. Wiki ile ile ukaenda.

Kwenye mazishi yako Lusweti alishika maikrofoni mpaka watu wakaanza kuketi chini. Alisema yeye ndiye aliyekugundua. Wale wanawake wa benchi walilia kwa sauti kubwa kuliko dada zako. Watoto wa njugu walisukumwa nyuma kabisa, kwenye uzio, wasikanyage maua. Nilitema mate pale pale, mbele ya mchungaji, na watu wakasema ni uchungu. Haukuwa uchungu. Kilikuwa kinyaa.

Mwezi uliopita akaja Jacktone, kijana wa wachapishaji, na viatu vyake vimeng'aa. Alisimama mlangoni asichafuke. Kijana mpole, nisimseme vibaya zaidi ya anavyostahili. Akaniambia kitabu cha tatu ni kizuri kuliko vyote, kimemliza. Ila kamati inayopendekeza vitabu kwa shule za huku imesoma, na mwenyekiti wa kamati ni mwalimu Lusweti, na kamati haitaki mtoto anayemwacha mama yake. Wanataka mistari ishirini tu ya mwisho ibadilishwe. Mimi ndiye mrithi wako, niweke sahihi yangu.

"Mzee, inakuwa ni ndoto tu. Sela anaamka, mama anamwitia chai, basi. Hakuna mtu anaumia."

"Alilala saa ngapi?"

"Nani?"

"Sela. Mtu haamki kama hajalala. Nimesoma mpaka mwisho, na huyo mtoto hajalala hata mara moja."

Akatazama viatu vyake. Nilisoma kweli, Nabalayo. Darasa la sita hili hili, kidole chini ya kila neno, msimu mzima wa mvua.

Akaniambia ukweli basi, na ukweli wake ulikuwa mzito. "Ukikataa, itakaa kwa droo. Hakuna shule itainunua, kwa hivyo hatutaichapisha. Hakuna mtoto atajua Sela alifanya nini. Unataka hiyo?"

Sikutaka hiyo. Nilishika kalamu yake, nakiri. Niliona jina lako kwa rangi ya asali mara ya tatu, kwenye rafu, kwenye mikoba ya watoto, na ni mistari ishirini tu. Nani angejua? Kisha nikakumbuka furushi lile, na njugu zile tamu, na jinsi mtu anavyoweza kutafuna kazi ya mwenzake njia nzima bila kuhisi kitu ila chumvi. Mara moja inatosha. Nikamrudishia kalamu, ina unga, akaipangusa kwenye suruali.

Alipokwenda nikaifikiria njia nzima uliyopita, toka gunia mpaka redio, nikaona kwamba wakubwa hawakuwahi kukupa mtoto hata mmoja wa kusoma. Waliokupa ni Mama Brigid na kikaango chake.

Nikazipeleka kurasa zako kwenye duka la kutoa kopi. Zile za mkono wako nimezirudisha kwenye debe lenye kifuniko, panya hafiki. Kopi nikazipanga kwa mafungu na uzi: fungu la Jumatatu ni ukurasa wa kwanza tu, la Jumanne ni wa pili, hivyo hivyo wiki baada ya wiki, ili kila siku watoto wote wapate ukurasa ule ule na asiwepo wa kutangulia. Nikambebea Mama Brigid. Akatazama mwandiko ulivyolala ubavu.

"Ni zake?"

"Ni zake."

Mwanamke yule, ambaye sijawahi kumwona akinawa kwa ajili ya mtu, alisugua mikono kwenye aproni mara tatu kabla hajazigusa.

Leo ni Jumamosi, na leo ulikuwa ukurasa wa mwisho. Kufika saa nne walikuwa wamejaa mlangoni kwangu, chumvi vidoleni, midomo inameta mafuta. Wamo wa Langas, na wamo wawili wenye sare ya Lusweti, waliokuja na askari wa getini akijifanya hawajui. Nikazima mashine. Msichana wa askari yule, ambaye sasa ni mrefu kuliko baba yake, akaikunjua pembe yake juu ya goti, akaipapasa inyooke, akasoma kwa sauti. Mlango uko wazi. Mama anaita. Sela anasikia, anaipenda sauti ile, na anabaki.

Hakuna aliyetafuna.

Kisha mmoja wa wadogo, kamasi puani, gorogoro kati ya miguu, akaniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeyatenda yote.

"Na mahindi yake je?"

Nilicheka, Nabalayo. Nilicheka mpaka nikakohoa, nikashika ukuta, na kishindo changu kikaling'oa vumbi la mwaka mzima kwenye mabati, likamwagika juu yetu, juu ya sare na juu ya kamasi, likaingia kwenye jua la matundu ya misumari, na likaanza kupanda. Wepesi. Wa rangi ya asali. Nikawaona, mmoja nyuma ya mwenzake, hawana haraka, wanapanda.

Mate yalinijaa mdomoni. Sikutema.