Ganzi Iliyopigiwa Vigelegele

Kijana walimwita Winchi, maana kabati la milango mitatu alilipandisha ghorofani peke yake huku anapiga mluzi. Mama yake, mshona mapazia, hakuchoka kumwonya: "Mwanangu, mgongo hauna spea." Naye hujibu, "Mimi nina garantii, Mama."

Garantii iliisha siku alipoinama kunyanyua friji. Kitu kikaalika kiunoni, na moto ukamshuka toka kalioni hadi kisiginoni. Hospitali wakampiga picha. Daktari akamweleza kuwa ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo umechomoka, unabana mishipa ya fahamu.

"Wengi hupona kwa dawa na mazoezi, bila kisu," alisema. "Lakini ukiingiwa na ganzi sehemu za siri, au mkojo ukigoma, njoo mbio."

Mama alikuwa nje kwenye benchi. Na mtoto wa kiume, mambo ya huko hamwambii mamaye. Alimwambia tu, "Amesema nipumzike."

Basi mama akawa anamkanda kwa maji ya moto, kijana anauma mto wa kitanda asisikike kulia. Mpaka asubuhi moja akasema, "Mama, mguu hauumi tena."

Mama akapiga vigelegele, jirani akachungulia dirishani. "Kuna harusi humo?"

"Mwanangu kapona!"

"Basi aje anihamishie kabati!"

Wakacheka. Kijana naye alicheka, kicheko cha mdomoni. Kila akikaa, kiti hakisikii chini yake. Chooni alisimama muda mrefu, tone halitoki. Akajipa moyo kwamba kesho patafunguka.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Yeye lilimuumbua shuka, maana mkojo uliogoma chooni ulimvuja usingizini bila kuhisi. Mama alilikuta limefuliwa na kuanikwa nyuma ya nyumba, na mwanawe hajawahi kufua hata leso.

"Tangu lini?"

"Mama, ni aibu."

"Mimi niliyekufunga nepi, unionee aibu gani?"

Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Kitanda cha pili alilala dereva mmoja, mgongo wake umepasuliwa kwa ugonjwa huo huo, ila yeye hakupata ganzi wala mkojo wake haukugoma. Kesho yake huyo anatembea na nesi. "Winchi, amka tushindane hadi mlangoni!" Winchi akashuka kitandani. Mguu ukaburuta kama kandambili iliyokatika. Dereva akaacha utani, akageukia ukutani.

"Upasuaji umekwenda vizuri," daktari alimwambia mama. "Kilichobana tumekitoa. Lakini mishipa imekaa imebanwa mno. Inaweza kurudi kidogo kidogo, inaweza isirudi."

"Na angekuja siku ganzi ilipoanza?"

Daktari aliinamisha macho. "Angekuwa na nafasi kubwa zaidi, mama."

Siku ya vigelegele, ndiyo siku hiyo.

Sasa kijana hukojoa kwa mpira wa mkojo, kwenye kona ya chumba cha cherehani, nyuma ya pazia alilolishona mama kwa kitambaa kizito kuliko vyote dukani. Mluzi umekoma. Akija mteja mwenye mtoto anayelalamikia kiuno, mama husimamisha cherehani. "Muulize anakojoaje. Muulize anapokalia, kama anapasikia."

Juzi mteja mmoja alijiziba mdomo kwa mtandio. "Dada, mambo hayo mbele za watu!"

Mama akasita, akatazama pazia.

"Waambie, Mama," sauti ikatoka nyuma yake. "Uwaambie yote."