Bahari Mia Mbili za Jairus

Mume wangu Jairus alikuwa baharia. Dhoruba ilikata kamba ya mashua aliyokuwa ameshushwa nayo kutoka melini, na miezi minane baadaye barua ya kampuni ikatufikia. Ilikuwa na sentensi moja iliyoninyima usingizi: kama mashua ingekuwa bado inaelea, rada ya meli ingeiona. Kwa sentensi hiyo tu, ukoo wake kule Kabras ukaamua kuzika shina la mgomba la kimo chake badala ya mwili. Siku ikawekwa, Jumamosi.

Mimi nikakataa. Mgomba ukishazikwa, mtu amekufa; hata akitokea langoni, watu humkimbia kama mzimu. Isitoshe, mimi ni mwalimu wa fizikia, nasomea shahada ya pili hapa Kakamega, na siamini barua isiyo na hesabu.

Shemeji yangu Titus akanicheka. "Bahari ya Kakamega iko wapi, shemeji?"

"Iko chuoni, kwa kompyuta."

"Haya. Mfa maji haachi kutapatapa," akasema, kisha akasikia alichosema, akainamisha kichwa.

Sijawahi kuiona bahari. Niliiunda kwa namba: upepo wa siku ile, urefu wa mawimbi, mashua ndogo juu yake. Nikarusha miale ya rada. Mingine iligonga mashua ikarudi. Mingine iligonga maji kwanza, ndipo ikaifikia mashua. Na mingi mno ilirudishwa na mawimbi yenyewe, kelele tupu. Kila nilipoichafua bahari upya nilikuwa namtafuta Jairus mle ndani, na nilimtamani. Nilitamani hata kikohozi chake cha asubuhi, ambacho nilikuwa nikikilalamikia.

Kati ya bahari mia mbili, rada iliiona mashua mara kumi na tisa tu. Barua ilikuwa imetudanganya.

Ijumaa asubuhi nikafika Kabras na karatasi zangu zenye picha za bahari zile. Kaburi lilikuwa limeshaanza kuchimbwa. Mama mkwe, Rachael, alikuwa ameketi barazani peke yake.

"Mama, hawangeweza kumwona," nikamwambia. "Angekuwa anaelea pale pale, na wao wapite tu."

Akazigeuza karatasi polepole. "Hii doti ndiyo Jairus?"

"Ni mashua yake, mama."

"Na hapa?"

"Pia."

"Nani aliweka hiyo mashua hapo?"

"Ni mimi."

"Zote?"

"Zote, mama. Mara mia mbili."

Sikuwa nimeunda hata bahari moja isiyo na Jairus. Mwanafunzi wangu angeniletea kazi ya namna hiyo, ningempa sufuri. Kompyuta haikuwahi kuniambia kwamba anaelea; mimi ndiye niliyeiambia.

Mama hakunilaumu. "Hata mimi ningemweka," akasema. "Si mimi napakuanga obusuma yake, ugali wake, mpaka wa leo?"

Tukalia, yeye na mimi, bila kufichana.

Nyuma ya nyumba nilimkuta Titus kwenye migomba, ameshika panga. Nikamwomba anipe. Nikapita mgomba kwa mgomba, nikisimama wima kando ya kila mmoja, hadi nikapata ulionizidi kimo kwa upana wa kiganja. Huo ndio niliokata.