Swali la Nasieku

Lusia, binti wa kutoka kijiji cha Ganako, alikuwa muuguzi kwa miaka sita, na miaka yote hiyo aliogopa mofini, dawa kali ya maumivu, kuliko alivyoogopa ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana alipopelekwa Karatu kujifunza tiba shufaa, huduma ya kuwapunguzia mateso wasioweza kupona, kwa watoto wenye saratani, alichagua kiti cha nyuma kabisa. Mkufunzi wao, Margareth, mama aliyezungumza taratibu kama anayebembeleza mtoto, aliwaeleza kuwa dawa ile ikipimwa vizuri haiui, bali humpumzisha mgonjwa na maumivu. Kisha akasema jambo lililomsumbua Lusia zaidi: mtoto akikuuliza kama atapona, usimkimbie wala usimdanganye.

Wiki moja baadaye alikuwa amerudi kwenye zahanati yake Nainokanoka, akapanda kwenda boma la kina Nasieku. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeifuta dunia. Miti ilijitokeza hatua mbili mbele yake, ikamtazama, ikapotea. Alijiona kama anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Nasieku alikuwa na miaka kumi. Saratani ya mfupa ilimwanzia gotini, ikafika mapafuni, na madaktari wa hospitali ya rufaa walikuwa wamemrudisha nyumbani. Mama yake alimvuta Lusia pembeni, akamsihi kwa Kiswahili cha kuokoteza asimwambie mtoto lolote.

Lusia alipima mofini ya maji, akamnywesha Nasieku. Polepole uso wa mtoto ukalegea, vidole vikaachia shuka.

"Nesi," Nasieku akasema, "mguu wangu utapona?"

Lusia alitamani mno kusema ndiyo. Akamshika mkono. "Wewe unaonaje?"

"Hautapona. Mama anajua. Anatoka nje kulia, anadhani nimelala. Sipendi alie peke yake."

Mama alikuwa mlangoni. Aliingia, akajilaza kando ya bintiye, wakalia pamoja.

Baadaye mtoto aliomba awaone ng'ombe wakitoka. Wakambeba nje juu ya ngozi. Ng'ombe walipita ndani ya ukungu, kwanza kengele, kisha pembe, kisha migongo inayofuka mvuke, naye akawaita mmoja mmoja kwa jina, sauti ikielea nyepesi, kana kwamba maumivu yalikuwa ya mtu aliyemfahamu zamani.

Aliishi siku nyingine kumi na tisa. Mama alijifunza kupima dawa mwenyewe, na Lusia alipofika aliwakuta mara nyingi wakizungumza, mara nyingine wakicheka. Nasieku alifariki asubuhi, mapajani mwa mama yake, katikati ya hadithi ya ndama.

Baada ya mazishi mama aliteremka zahanati na kibuyu cha maziwa. Alisema kwa Kimaasai, na Supeet, mhudumu wa zahanati, akatafsiri: "Anasema yeye na bintiye hawakufichana kitu."

Lusia aliyanywa maziwa akiwa amesimama. Kisha akampigia Margareth, akamwomba aje awafundishe wauguzi wenzake.