Mdomo wa Kocha

Kwenye ukoo wetu mimi ni daktari wa kukimbia. Si wa mifupa, si wa moyo, si wa macho. Wa kukimbia tu, na kila tukikutana kwenye shughuli ya familia lazima shangazi mmoja aniulize kama kweli watu husomea jambo hilo au nawazuga. Nimeacha kubishana nao. Asubuhi niko maabara ya chuo, nawapandisha watu kwenye mashine ya kukimbilia, nawafunga barakoa yenye mpira, napima hewa wanayovuta na wanayotoa, natafuta kujua mwili unajipatiaje nguvu na kwa nini unachoka. Jioni niko uwanjani, saa ya kupimia muda shingoni, nafundisha wakimbiaji. Kazi ya kwanza inataka nitulie, ya pili inataka nichangamke, na ni Mungu pekee anayejua niliumbiwa ipi. Mume wangu naye anajua, ila ana busara ya kutosema.

Wakati ninaousimulia, kilichokuwa kinaninyima raha ni Sindano.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa wembamba wake. Nilimkuta hospitali, alikokuwa akifua mashuka. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali mgonjwa, mara nikapishana na msichana aliyebeba tenga la mashuka akipanda ngazi mbio mbio, na alipofika juu alikuwa akiendelea kupiga soga na mwenzake kana kwamba amekaa kitini. Sikusikia hata akihema. Mgonjwa wangu nilimsahau, na mpaka leo ananidai salamu.

Nikamwingiza kambi ya wakimbiaji, na kwenye mazoezi Sindano aliwaacha hata wanaume. Kwenye mashindano, sijui nisemeje. Mbio zake ni mita elfu moja mia tano, raundi tatu na robo tatu za uwanja. Raundi mbili za kwanza ungempenda. Ikikaribia ile ya mwisho, mabega yanapanda, shingo inakakamaa, miguu inakuwa mizito, na wasichana ambao mazoezini hawamwoni hata kisogo wanampita mmoja mmoja. Mara ya kwanza tukasema ni ugeni. Mara ya pili tukasema tumbo. Baada ya hapo tukakosa hata la kusingizia.

Kamati ya uteuzi ikachoka kungoja. Wakampa mbio moja tu: akiingia kwenye tatu bora anabaki kambini na anaingia timu, akishindwa anafungasha. Kambi ndiyo iliyokuwa inamlisha na kumlaza. Kufungasha maana yake ni kurudi kwenye mashuka, kwenye zamu ambazo hazimwachii mtu hata nguvu ya kufunga kamba za viatu.

"Nikirudi kule, Mama Kocha, sitakimbia tena," aliniambia. Hakulia. Aliongea kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake. "Najijua."

Basi nikachakarika. Nilimpima damu, nikatazama madini ya chuma, nikatazama usingizi wake, nikabadilisha viatu, nikapunguza mazoezi, nikayaongeza. Niligombana na mpishi wa kambi juu ya uji mpaka akanitishia mwiko. Vipimo vyote vilikuja safi. Mwili ule ulikuwa mzima kabisa, nami nilikuwa karibu kuuchukia kwa uzima wake.

Katikati ya patashika hiyo Profesa akahitaji wakimbiaji. Profesa ndiye aliyenifundisha kazi, ni mtu mzima mwenye sauti ndogo na masikio makubwa, na wakati huo alikuwa anatafiti jinsi joto linavyomchosha mkimbiaji. Chumba kinapashwa moto, mtu anapanda kwenye mashine, kasi inaongezwa kidogo kidogo mpaka ashindwe mwenyewe. Nikamshauri Sindano ajitolee, walau apate cha kumwondoa mawazo, naye akakubali.

Profesa ana sheria moja ambayo haina msamaha. Mtu akiwa juu ya mashine, hakuna kumsemesha. Hakuna "jikaze", hakuna "bado kidogo", hata kukohoa kwa maana hakuna.

"Ukimshangilia huyu na yule ukamnyamazia," husema, "hujapima joto. Umepima mdomo wako." Siku hiyo alinigeukia mlangoni akanishika bega. "Nakusema wewe hasa, binti yangu."

"Mimi tena, Profesa?"

"Kalia mikono yako, na ulimi ukiweza ukalie."

Nikakaa nyuma ya kompyuta. Sindano akafungwa barakoa, mashine ikaanza kunguruma. Chumba kilikuwa na joto la kukausha nguo. Dakika za mwanzo nilijikaza kisabuni. Kasi ikapanda, ikapanda tena, ikafika pale ambapo uwanjani ndipo huanza kusambaratika, na mimi tayari nimefumba macho nusu, sitaki kuona.

Hakusambaratika. Mabega yalikuwa yametulia mahali pake. Alikuwa anatazama ukuta mtupu mbele yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefikiria jambo lake la faragha na linalompendeza. Kasi ikaongezwa. Akaipokea. Ikaongezwa tena, Profesa akaacha kuandika, akavua miwani, akaivaa. Alipoinua mkono mwishowe kuomba isimamishwe, alikuwa amewapita wakimbiaji wote waliokwishapanda mashine ile katika utafiti huo, na kwenye joto.

Macho yalinitoka pima. Wazo langu la kwanza ni kwamba mashine imeharibika. Sindano alipokwenda kuoga nikaleta mtungi wa hewa tunaotumia kukagulia mitambo, nikakagua kila kitu upya, kisha nikarudia. Mashine haikuwa na kasoro hata ya dawa. Profesa alinitazama nikihangaika, hakunisaidia.

"Umeangalia kila kitu?" akauliza.

"Kila kitu."

"Haya," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Ile "haya" yake ilinikera siku nzima. Jumamosi mchana nikakaa kwenye meza ya jikoni na kompyuta yangu. Sindano hukimbia na mkanda kifuani unaorekodi mapigo ya moyo, na mume wangu huzirekodi mbio zake zote kwa simu, kwa sababu asipopewa kazi uwanjani husinzia. Nikamwita. Nikaweka mchoro wa mapigo upande mmoja na video upande mwingine, tukaviendesha pamoja.

Nilichotaka kutazama ni miguu. Nilichosikia ni sauti.

"Mabega! Mabegaaa! Mikono! Pumua! Umesikia? PUMUA! Usimwache! Unalala, unalala!"

Sikuwahi kujisikiliza. Nilikuwa kama jirani aliyeibiwa kuku. Na kila sauti ile ilipopasuka, mstari wa mapigo ya moyo uliruka juu, ingawa kasi ya miguu ilikuwa vile vile. Mume wangu akawa ananyooshea kidole, bila kunitazama.

"Hapo. Na hapo. Hapo tena."

"Nimeona."

"Na hapa uliposema 'pumua'..."

"Nimesema nimeona!"

Akaondoka taratibu, akajitia ana shughuli na sufuria. Tukafungua mbio nyingine, na nyingine. Hadithi ilikuwa moja. Nikaufunga mdomo kwa kiganja. Miaka yote hiyo nilikuwa nimepima damu ya watu, jasho la watu, pumzi za watu, na kitu kimoja uwanjani ambacho sikuwahi kukiweka kwenye kipimo ni mimi. Niliona aibu. Na kwa kweli niliumia pia, maana kelele zile nilizipiga kwa mapenzi, kila moja.

Jumatatu nilimkuta Sindano chumba cha kubadilishia nguo, anafunga kamba za viatu. Nikakaa kwenye benchi kando yake.

"Mwanangu, nikikupigia kelele uwanjani, wewe unasikia nini?"

Mikono yake ikasimama. "Kwa nini, Mama Kocha?"

"Niambie tu. Leo sina ukali."

Akatazama sakafu. "Nikikusikia, nawaza nimekosea nini tena. Ukisema mabega, nayatafuta mabega. Nikiyapata, umeshasema mikono. Ukisema pumua..." Akacheka kidogo, cheko la uoga. "Ukisema pumua ndipo nasahau kupumua."

"Na kule maabara?"

"Kule palikuwa kimya. Nilikimbia tu."

"Sasa mbona hukuniambia, Sindano? Miaka yote hii?"

"Ningekuambiaje?" Akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Wewe ndiye uliyenitoa kwenye mashuka. Nikwambie unyamaze? Mimi? Nilisema bora nishindwe kuliko nikuvunjie heshima."

Sijawahi kupigwa kofi likaniuma kama lile jibu. Nikamvuta kifuani, nikamwambia hajanivunjia chochote, nikamwambia na mengine ambayo hayawahusu ninyi. Kisha nikampa ahadi. Siku ya mbio sitafungua mdomo, si kwa neno, si kwa mluzi. Akaitikia kwa adabu, "Sawa, Mama Kocha," kama vile mtu anavyomwitikia mlevi anayeapa kuacha pombe.

Siku ikafika. Sikwenda kule kwenye uzio wanakosimama makocha, nilijua nisingejiweza. Nikakaa jukwaani juu kabisa, mume wangu ubavuni kama askari wa zamu. Bunduki ikalia. Chini kule makocha wenzangu walikuwa wanakauka makoo kwa kuwaita wasichana wao, na mimi mdomo uliniwasha kama upele. Raundi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Sindano alikuwa katikati ya kundi, anakwenda.

Kengele ya raundi ya mwisho ilipolia nikaona balaa. Alikuwa amefungiwa ndani. Wawili mbele yake bega kwa bega, mmoja ubavuni, hana pa kupita, na walioongoza wanaanza kuondoka. Dawa yake naijua, nimeifundisha mara elfu: punguza nusu hatua, toka nje, wazunguke. Toka nje! Maneno yalinijaa mdomoni mpaka nikayaonja. Nikasimama. Mume wangu akanishika mkono, hakunivuta, akaushika tu. Nikaitia mdomoni ncha ya mtandio wangu nikaing'ata kwa nguvu zangu zote.

Hakutoka nje. Alibaki pale pale, mabega yametulia. Nikasema kimoyomoyo ndiyo basi, amekata tamaa, na safari hii sina hata wa kumlaumu. Nikamwona tayari na tenga lake kwenye ngazi.

Halafu wakaingia kona ya mwisho. Yule msichana wa mbele, upande wa ndani, alikuwa amechoka, na kwa kuchoka akasogea nje kidogo, upana wa mtu mwembamba. Sindano akapita. Kumbe alikuwa ameshaona jinsi yule mwenzake anavyoyumba, alikuwa anamngoja. Kule juu nilikokaa nisingeliona lile. Kama ningepiga kelele angenitii, angetoka nje, angepoteza hatua ambazo asingezirudisha, na tungekuwa tumemaliza kazi ya kumharibu, utii wake na kelele zangu.

Akawakamata walioongoza kwenye mnyooko wa mwisho. Mmoja akamponyoka. Alimaliza wa pili.

Uwanja mzima ulisimama, na mimi mtandio bado ulikuwa mdomoni. Mume wangu alikuwa anaruka ruka, mtu ambaye hata harusini hachezi. Nikashuka ngazi za jukwaa nikisukumana na watu, daktari mzima wa kukimbia.

Sindano alikuwa ameinama, mikono magotini. Alipopata pumzi akainuka akaanza kutafuta. Alitazama kwenye uzio wa makocha, akatembea mpaka mwisho wake, akarudi. Uso uliokuwa na furaha ukaanza kuingiwa na wasiwasi. Aliponiona nakuja akanikimbilia, akashika uzio kwa mikono miwili.

"Mama Kocha! Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, mwanangu. Nilikuwa kule juu."

"Nilidhani umekasirika hukuja," akasema, na machozi na jasho vikawa kitu kimoja. "Maana sikukusikia. Sikukusikia hata kidogo."

Nimepewa vyeti, nimepigiwa makofi kwenye kumbi za wasomi, na Profesa aliwahi kuniita mbele za watu fahari yake. Hakuna sifa niliyowahi kupewa katika kazi hii iliyonifikia kama hiyo.