Pasi ya Siku Tatu

Jumatatu, kabla kidau cha wino hakijafunguliwa, Kache alikuwa amekwisha keti kwenye ngazi za afisi ya Malindi, kibuyu cha tembo la mnazi mapajani. Alitaka pasi ya siku tatu avuke mto Sabaki.

“Unakwenda kumzuru nani?” aliuliza karani Awadh.

“Mume wangu, Kaingu. Kigango tulichomchongea alipokufa, mti wa kumkumbuka, kiko kule, na kikishapandwa hakihamishwi. Ana kiu.”

Awadh alifunua daftari, ingawa mwandiko ulikuwa wake: *Kaskazini ya mto, hakuna watu.* Miaka mitatu nyuma alitumwa kuhesabu nyumba. Alikuta milango imeegeshwa na majivu bado yana moto. Alisikia ngoma ya matanga ng’ambo ya mashamba, akajua wote wako huko. Lakini jua lilikuwa kali, na punda ni wa kuazima; akaandika, akarudi. Mwaka jana Wagiriama wa huko walihamishwa kusini, na daftari likawa ushahidi kwamba ardhi ilikuwa tupu.

“Pasi ni ya kuzuru watu, mama. Kule hakuna mtu.”

“Na ile mihogo yetu, karani, ilipandwa na nyani?” Kache alijitwika kibuyu. “Haya. Nitamwambia aje yeye.”

Jumatano Kaingu alikuja, akasimama nyuma ya mvuvi mmoja hadi zamu yake ikafika. Alikuwa mti mtupu, kifua kimechongwa pembetatu, utepe mwekundu kiunoni, udongo ukimdondoka miguuni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Naomba siku tatu, kwa mke wangu.”

“Unatoka wapi?”

“Wapajua. Ulipita siku ya matanga yangu, nilikuona. Hapakuwa na mtu wa kukupa maji. Utuwie radhi, mwanangu.”

Kalamu ilisimama penye *Anakotoka*. Akiandika kijiji, daftari litakuwa limesema uongo. Awadh aliandika *hakuna*, akagonga muhuri. Dole gumba la Kaingu liliacha alama ya miviringo ya gogo lililokatwa.

“Ahsante, mwanangu,” alisema Kaingu.

Alikunywa tembo kwa Kache, na siku ya tatu, kabla ya alasiri, alirudisha pasi.

Jumatatu iliyofuata foleni ya vigango ilifika sokoni. Mfagiaji alinung’unikia udongo. Awadh aliwaandikia wote pasi, na kila mmoja alimshukuru. Penye *Anakotoka* aliandika hakuna, hakuna, hakuna, kwa mwandiko ule ule mzuri uliompatia kazi.