Ngendo wa Kerugoya

Ule wimbo ulipotoka, mwaka wa sabini na nne, soko lote la Gatitu lilikuwa likiuimba isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nauza viazi nimenuna. *Ngendo wa Kerugoya, nimepita kwako tena.* Aliyeutunga ni mume wangu Gicheru, na sauti ni yake, na gita ni lile lile alilonunua kwa pesa ya kibarua cha kahawa kabla hajanioa. Miaka kumi amezunguka nalo, Karatina, Nanyuki, Kagio, akichukua nyimbo za mama yake za shambani na kuzitia ngoma za vijana na gita la umeme, hadi wazee wa kanisa wakashika vichwa. Santuri sita ametoa, sikulalamika. Hii ya saba ndiyo iliyonikaa kooni.

Aliyepiga hesabu kwa sauti ni rafiki yangu Wachuka, shetani yule, tena mbele ya wateja.

"Mama Watiri, hebu niambie. Msichana wa kwanza si huitwa jina ya mama ya bwana?"

"Ndio."

"Na wa pili, mama ya bibi. Sasa huyu Watiri wako ndiye wa kwanza, na ako na jina ya mama yako. Mama ya Gicheru anaitwa nani?"

Nilijua anakokwenda, nikaendelea kupanga viazi.

"Si anaitwa Ngendo?" akasema. "Basi wa kwanza ako Kerugoya! Wewe ulipewa namba mbili, na ukashukuru!"

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka, tena kuwashinda, kwa maana ukinuna mbele ya wale watu umekwisha. Lakini moyo ulikuwa unaungua. Watiri alipozaliwa, ni Gicheru mwenyewe aliyeng'ang'ania: "Huyu ataitwa mama yako." Nililia kwa furaha. Nilimwambia kila mtu, oneni mwanamume anavyonipenda, mpaka ameruka mama yake! Kumbe. Kikulacho ki nguoni mwako. Na kwetu jina haliendi bure. Mtoto wa nje huitwa watu wa mama yake. Mtoto akipewa jina la mama ya mwanamume, jua mbuzi za mahari zimeshapelekwa. Kwa hivyo niko na mke mwenza, na ni mkubwa kwangu!

Nikaanza kuchunguza. Nilinusa mashati. Nilipekua mfuko wa gita nikapata nyuzi, na tikiti za basi ya Kerugoya, za Alhamisi, na Alhamisi nyingine, hata wiki ambazo hakuna mahali anapiga muziki. Nikamuuliza mama mkwe, naye akaanza kuchochea moto wa jikoni uliokuwa unawaka vizuri.

"Muulize bwana yako," akasema.

Nimuulize nini? Anidanganye? Redio ikianza ule wimbo, naifunga ubeti wa kwanza ukiisha. Ulinitosha, na sokoni nako waliimba huo huo tu. Gicheru hunitazama tu, hasemi neno, na mimi nikasema moyoni, mwenye hatia atasema nini?

Nikaapa. Nikimwona huyo mtoto kwa macho yangu, narudi kwa mama na watoto wangu watatu, na Gicheru asikanyage huko na gita lake. Nilifunga nguo zetu kwenye shuka nikaziweka nyuma ya mlango, tayari.

Alhamisi akatoka asubuhi. Nami nikapanda basi iliyofuata, na mwavuli mkononi. Siku hiyo hakukuwa na dalili ya mvua.

Kerugoya sikuwa nimekanyaga kwa miaka tisa. Mimba yangu ya kwanza iliharibikia sokoni Kagio, watu wakanikimbiza hospitali ya Kerugoya, nikazimia siku mbili. Nilipoamka mama mkwe aliniambia hilo si jambo la kuongea, na sikuongea.

Niliingia hoteli ya chai karibu na stendi. Mwenyewe, mama mmoja anaitwa Magdaline, alikuwa anageuza chapati.

"Gicheru wa gita? Ako kwa Ngendo," akasema. "Pita hospitali, uteremke hapo kwa mikaratusi. Kila Alhamisi ako huko."

Alisema bila haya! Mji mzima unajua, mjinga ni mimi peke yangu. Niliteremka nikikimbia, mwavuli juu juu, nikitafuta nyumba. Hakukuwa na nyumba. Palikuwa na ua wa waya, na matuta madogo madogo yaliyomezwa na nyasi, isipokuwa tuta moja. Gicheru alikuwa amepiga magoti hapo anang'oa magugu, gita limeegemea mti.

"Ako wapi?" nikapiga kelele. "Huyo Ngendo wako ako wapi?"

Akautazama mwavuli, kisha akanitazama mimi.

"Kagure, rudi nyuma kidogo," akasema. "Umemkanyagia miguu."

Nikarudi nyuma. Sijui ni nani aliyerudisha ile miguu yangu.

"Alipumua mpaka saa saba mchana," Gicheru akasema. "Wewe ulikuwa hujijui. Sista akaniuliza ataitwa nani, nikasema Ngendo, kwani wa kwanza anaitwa nani kwetu? Mama akasema tusikuambie, utamfuata. Halafu ukaamka, na hukuuliza hata siku moja, nikaogopa kuanza. Watiri alipozaliwa, wazee walitaka nirudie jina. Nilikataa. Ni yake."

Nilitaka kumpiga, haki ya Mungu. Si kwa mwanamke. Ni kwa miaka tisa ya kuja hapa bila mimi, na mimi ndiye niliyembeba. Mwavuli ukanitoka mkononi, nikaketi kwenye udongo, na kilio nilichokuwa nimekatazwa kikatoka chote.

Baadaye sana nikamuuliza, "Alikuwa na nywele?"

"Nyingi."

Nikang'oa gugu moja alilokuwa ameliruka.

"Chukua gita," nikamwambia. "Niimbie ubeti wa pili. Sijawahi kuusikia."